Yaliyosemwa Kilioni

Nikisema Virginie Kapya ni mpole nitakuwa namsingizia. Miaka kumi na minane tumeishi ukuta mmoja katika komini ya Kenya, Kenya yetu hii ya Lubumbashi, si ile nchi yenye bahari, na katika miaka hiyo ameninunia mara zisizohesabika, leo kwa sababu ya kuku wangu, kesho kwa sababu ya redio yangu. Lakini ukiwa na mgonjwa nyumbani, wa kwanza kubisha mlango ni yeye. Kazi yake ni munkoyo. Hupika uji wa mahindi, huutia mizizi iliyopondwa, huuacha upoe na uchachuke kidogo, kisha huuza kwa vikombe na madumu kwa mafundi wa karakana za mtaa wetu. Maji hayaamini hata kidogo. Huchemsha mpaka ya kuoshea vikombe. Watu humtania kwa hilo, ila hakuna aliyewahi kuumwa tumbo kwa munkoyo wa Virginie, na yeye hukukumbusha jambo hilo kabla hujameza.

Ni mjukuu wa reli. Babu yake alishuka kutoka kaskazini mwa Katanga na kazi ya kutandika vyuma, akabatizwa, akaoa, akazikwa hapa. Baba yake naye alikuwa mtu wa reli, akafa bado ana nguvu, kwa kile walichokiita tumbo tu. Aliacha watoto wanne: Rigobert, Ephraïm, Virginie na kitinda mimba Dieumerci. Rigobert ndiye aliyewalea. Aliacha shule akaingia karakana ya reli ili wadogo zake wasome, na hilo sitamnyima hata leo nikiwa na hasira naye. Kwa Virginie, neno la yaya, yaani kaka mkubwa, Rigobert, lilikuwa amri ya kumi na moja.

Miaka saba iliyopita Ephraïm aliugua. Alikuwa na miaka arobaini na tisa, anaandika karatasi za forodha za malori kule Kasumbalesa, mtu wa mashati meupe na vicheko. Alianza kutoka damu kwenye haja kubwa, akakonda, akageuka mtu wa kubebwa. Virginie ndiye aliyemwosha na kumlisha hospitalini. Lakini hapa kwetu daktari akiwa na neno zito hamwambii mgonjwa, wala hamwambii aliyeshika ndoo. Huuliza nani mkubwa wa familia. Basi Rigobert aliitwa ofisini, mlango ukafungwa, na Virginie akabaki koridoni na ndoo yake. Kaka alipotoka alisema ni emoroide, yaani bawasiri, zilizoingia ndani, wamwombee. Akaomba, sote tukaomba, na baada ya miezi mitano Ephraïm akafa.

Sasa nieleze jambo la kilio, kwa sababu bila hilo huwezi kuelewa lolote. Kabla ya kwenda makaburini, mbele ya jeneza, msemaji wa familia husimama na kusimulia ugonjwa tangu siku ya kwanza mpaka pumzi ya mwisho. Wenyewe tunaita historique. Husimuliwa ili mtu yeyote asiondoke na maswali yake mfukoni, na kinachosemwa pale, mbele ya maiti na koo zote mbili, hakipingwi tena. Ni kama kimepigwa muhuri. Siku ile alisimama Rigobert, koti jeusi, sauti imara.

"Mudogo yetu Ephraïm alianzaka na hémorroïdes," alisema. "Ile ni ugonjwa ya kila muntu. Lakini kisha, kuna kitu alikulaka. Ile kitu njo ilimukata matumbo. Wapi alikulaka, na nani alimupikiaka, tunaachia Mungu."

Mungu aliachiwa kwa maneno tu. Macho ya watu yalimwendea Kiki, mjane, aliyekuwa amekaa chini na mikono juu ya kichwa. Nani mwingine alimpikia? Hakuna aliyemtaja jina, na haikuhitajika. Arobaini ilipopita Kiki alifunga virago akarudi kwa mama yake Kipushi, na katika ukoo wa Kapya hakuna aliyemsindikiza hata mpaka kituo cha basi. Virginie naye hakwenda. Amenikiri mwenyewe kwamba alimchukia yule mwanamke kwa moyo wote, na kila Ijumaa Kuu alijaribu kumsamehe akashindwa.

Tangu hapo Virginie aliacha kula njiani. Hakugusa sambusa, hakugusa nyama choma, hata kwenye harusi alikwenda na chakula chake kwenye sahani yenye mfuniko. Alijilinda na kile alichoambiwa kilimuua kaka yake. Mtu anaweza kufanya nini zaidi?

Miaka mitatu baada ya msiba, Jumapili moja baada ya misa, walikuja wauguzi paroisse, parokiani kwetu, kutuzungumzia kansa ya utumbo mpana. Walisema huanza kama kinyama kidogo ndani, kisichouma, na hukaa miaka mingi kabla hakijawa hatari. Ukikipata mapema kinatolewa na maisha yanaendelea. Walikuwa na vikopo vidogo vya kutilia choo, upeleke wakapime kama kuna damu isiyoonekana kwa macho. Kwaya yote ilicheka. Wanaume ndio waliocheka zaidi, maana waliogopa zaidi. Vikopo vilikuwa vichache, wakasema watawapa waliofika miaka hamsini, na waliofika arobaini kama baba, mama au ndugu wa tumbo moja aliugua ugonjwa huo.

Virginie alikuwa na miaka arobaini na minne na alikuwa mbele yangu kwenye mstari. Muuguzi alimuuliza kama kwao kuna aliyeugua. Akajibu bila kusita kwamba hapana, kaka yake alikuwa na emoroide, kisha akalishwa kitu. Muuguzi akaandika hapana. Virginie akageuka, akanishika mkono akanisogeza mbele, kwa sababu mama yangu alikufa kwa ugonjwa ule na mimi nilijua, kwetu tuliambiwa. "Chukua weye, Mama Nono," akaniambia. "Ya kwetu haiko hii." Nikachukua. Majibu yangu yalitoka safi, nikalala usingizi. Kikopo kile nilikichukua mahali pake, na sijui nitalitua wapi jambo hilo.

Damu yake mwenyewe ilianza mwaka uliofuata. Kidogo, kisha si kidogo. Hakumwambia mtu isipokuwa kaka yake. Alikwenda kwa Rigobert kwa miguu, akakaa naye nyuma ya nyumba, akamuuliza kitu kimoja tu: ugonjwa wa Ephraïm ulianzaje? Alitaka kulinganisha. Ninasisitiza hapo kwa sababu baadaye wapo waliosema Virginie angeuliza. Aliuliza. Rigobert akamjibu kwamba ni emoroide, ugonjwa wa familia, hata baba alikuwa nazo, hata yeye. Asijisumbue na madaktari wanaopenda kupasua watu. Wiki ile ile akamletea mfuko wa mizizi aliyoinunua Kasumbalesa kwa wale wauzaji wenye vipaza sauti, wanaotibu kuanzia mgongo mpaka bahati mbaya. Akamweleza aichemshe na kujitia kwa puari.

Puari ni kile kipira cha kuingizia dawa kwa nyuma. Katika nyumba nyingi za hapa kinaning'inia karibu na miswaki, na ukilalamika tumbo, kichwa au uvivu, mama yako atakuonyesha kwa kidole. Virginie alikitumia mwaka mzima na miezi, mara mbili kwa juma. Mizizi anaijua, ndiyo kazi yake, na hii ilikuwa imetoka mikononi mwa yaya. Kila damu iliporudi alijilaumu kwamba hakuchemsha vya kutosha. Akaanza kukonda. Nikamwambia twende hospitali, akaninunia siku nne. Mwishowe tumbo likafunga kabisa, likavimba, akaacha kuweza hata kuninunia, nikamchukua kwa teksi.

Daktari alikuwa msichana mdogo, Dokta Keren, mwenye kusema taratibu na kukutazama usoni. Alimwingiza mpira wenye kamera, akaona alichoona. Kisha akafanya jambo ambalo hatukulizoea: hakuuliza nani mkubwa wa familia. Alivuta kiti akamwambia Virginie mwenyewe, nami nikiwepo, kwamba ni kansa ya utumbo mpana, na kwamba picha inaonyesha imefika kwenye ini. Virginie alisikiliza hadi mwisho. Akauliza kama ni kitu alichokula. Daktari akatikisa kichwa, akamuuliza tena swali lile la paroisse, na Virginie akatoa jibu lile lile la kilioni, neno kwa neno, emoroide kisha kulishwa.

Dokta Keren hakubishana. Alisema tu angependa kuona karatasi za marehemu, kama zipo. Hapa hospitali haikai na picha zako. Unarudi nazo nyumbani kwenye bahasha kubwa. Nikatumwa kwa Rigobert. Alinipokea vizuri, akanipa kiti, akasema karatasi zilichomwa zote, huzuni ilikuwa nyingi. Nikiwa natoka nikakumbuka kwamba aliyekuwa akiishi na Ephraïm si Rigobert. Kesho yake asubuhi nilipanda basi la Kipushi.

Kiki nilimkuta sokoni akiuza unga. Aliponitambua hakunyanyuka. Nilimweleza shida yangu kwa kifupi, maana haya zilinibana. Mimi pia siku ile ya kilio nilimtazama kama wengine. Alifunga gunia, akanipeleka nyumbani, akatoa bahasha chini ya godoro. Alikuwa ameitunza kwa sababu ilikuwa na jina la mumewe. Kifaransa hasomi. Nikamuuliza mbona hakumpa mtu miaka yote hii.

"Hakuna muntu aliniulizaka," alisema. "Balikuwa banaogopa hata maji yangu."

Ndani mlikuwa na barua ya daktari, ukurasa mmoja. Ilisema Ephraïm Kapya, kansa ya utumbo mpana. Ilisema kwa kuwa inaelekea baba yao naye alikufa kwa ugonjwa huo, ndugu wote wa tumbo moja waliofika miaka arobaini wapimwe utumbo kwa mpira wa kamera, hata kama hawasikii maumivu, na wasingoje damu. Na mstari wa mwisho: mambo haya yameelezwa kwa mdomo kwa kaka mkubwa, Bwana Rigobert. Nilimsomea Kiki kwa Kiswahili. Alisikiliza, akasema basi si mimi. Akarudia, basi si mimi, kisha akaomba nimsomee tena lile jina la ugonjwa. Wahenga walisema mficha maradhi, kilio humuumbua. Hawakujua kwamba kuna siku hata kilio kitafundishwa kuficha.

Ndani ya basi la kurudi niliwaza kuichana ile barua. Virginie alikuwa amebakiwa na nini? Kaka. Nikaona nikiichana nitakuwa Rigobert wa pili, nikampelekea. Aliisoma mwenyewe, miwani puani, mara mbili. Hakulia. Alisema waitwe Rigobert na Dieumerci waje kesho mchana, daktari akiwepo.

Walikuja. Bahasha ilikuwa juu ya shuka, na Rigobert aliiona kabla hajasalimia. Dokta Keren alieleza ugonjwa, akaeleza kwamba Dieumerci ana miaka arobaini na mmoja na hana siku ya kupoteza, anapaswa kupimwa. Ndipo Rigobert akaanza kusema bila kuulizwa, akitazama miguu ya kitanda. Alisema mwaka ule Princesse, binti yake, alikuwa amechumbiwa, na ukoo wa kijana ulikuwa umeshaanza kuulizia huku na huku kama kwa Kapya kuna ugonjwa wa damu. Baba amekufa, sasa Ephraïm. Nani angeoa kwenye ukoo ambao kansa inapita mlango kwa mlango? Sumu ni bahati mbaya ya mtu mmoja, alisema, lakini kansa ingekuwa jina letu. Aliona anabeba mzigo peke yake ili wadogo zake wapumue.

Nitasema kweli: nilimwona Virginie akilegea. Alinyoosha mkono akamshika kaka yake mkono. Alimwambia mzigo ule ulikuwa mzito kwa mtu mmoja, angewaambia wabebe pamoja. Mimi damu ilikuwa inanichemka, lakini ndugu ni ndugu. Nilijua anamsamehe. Alikuwa akifanya kwa dakika moja kile alichoshindwa kumfanyia Kiki kwa miaka saba.

Tatizo likawa Dieumerci. Ni fundi wa malori, mkono wake unazidi sahani, lakini aliogopa kama mtoto. Alisema yeye hatapimwa. Mwanaume haingizwi mpira huko, afadhali afe. Daktari akamweleza, hakusikia. Nikamtania, hakucheka. Rigobert akamwonea huruma. Nasema huruma, kwa sababu ndiyo niliyoiona usoni mwake. Alimwekea mkono begani kama alivyomfanyia tangu utotoni.

"Usiogope, mudogo," alimwambia. "Haiko inauma. Banakulalisha, unalamuka, unasikia njaa tu."

Daktari alishusha kalamu yake. Nilimwona Rigobert akilisikia neno lake mwenyewe, limeshatoka, halirudi. Virginie aliutoa mkono wake ndani ya mkono wa kaka.

"Yaya, unajua namna gani?"

Alijaribu kusema aliambiwa na mtu. Virginie akamuuliza tena, taratibu, na mzee akakiri. Alikwenda Ndola, upande wa Zambia, mwaka wa ndoa ya Princesse, mwaka mmoja baada ya kumzika Ephraïm. Walimkuta na vinyama viwili, wakavitoa siku ile ile, na baada ya miaka mitatu alirudi kupimwa tena, kama alivyoagizwa. Sisi sote tulijua amekwenda kutibiwa macho. Alirudi na miwani. Virginie alikuwa amesali novena ya siku tisa kwa ajili ya macho yale.

Dieumerci alisimama akaenda kukaa mbali, dirishani. Mimi nilikuwa napiga hesabu ambayo nadhani kila mtu chumbani alikuwa anaipiga: Ndola kwanza, halafu paroisse, halafu damu, halafu siku ile nyuma ya nyumba alipokwenda kwa miguu kumuuliza. Virginie aliimaliza kabla yetu.

"Ulitoka kule muzima," alisema. "Kisha ukaniletea mizizi."

Rigobert alisema alidhani ya dada yake ni emoroide za kweli. Alisema angemtuma kwa daktari ingebidi aeleze kwa nini, na Princesse alikuwa na mimba ya kwanza, na wakwe walikuwa bado wanawaangalia. Alisema mengi. Ninaamini alimpenda dada yake, na ndilo linalonikera, kwamba alimpenda na bado akampimia uhai wake kwa maneno ya watu. Mchawi ningemwelewa. Virginie aligeukia ukuta, na Dokta Keren akamwomba mzee atoke.

Walimpasua juma lililofuata, wakatoa kipande cha utumbo ili apate kula; ini hawakuligusa, walisema haina maana. Yuko nyumbani sasa. Munkoyo napika mimi, yeye anakaa kwenye kiti mlangoni akinikosoa, na wateja wanasema ladha si ile. Kiki amekuja mara mbili kutoka Kipushi, wakafungiana chumbani, sikuuliza walisema nini. Rigobert huja Jumapili. Hukaa nje ya geti mpaka achoke, halafu huondoka.

Dieumerci alikwenda kupimwa. Hakwenda kwa ushujaa, alikwenda kwa hasira, na hasira nayo ina kazi yake. Walimkuta na kinyama kimoja, wakakitoa, jioni alikuwa nyumbani anakula bukari, ugali wetu. Kesho yake alikuja kumwambia dada yake, na furaha yote aliyokuwa nayo aliifungia kooni, maana angeonyeshaje furaha mbele yake? Virginie akamtaka aonyeshe ukubwa wake. Dieumerci akaonyesha ncha ya kidole kidogo: punje ya hindi, si zaidi.

Virginie aliitazama ile ncha ya kidole muda mrefu. Tangu hospitali sikuwa nimemwona akilia, na siku ile alilia, bila sauti, machozi yakishuka tu.

"Ya kwangu nayo ilikuwaka kadogo vile," alisema. "Na yaya alikuwa anajua."